Kucha Iliyofika Kwapani

Nikiwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Tandika kulikuwa na sheria moja kuhusu paka, na aliyeitunga ni Bibi. Paka akimparua mtoto, mtoto aoshwe kwa sabuni na maji mengi kabla hajalala. Akilala bila kuoshwa, ile kucha inabaki ndani na kuanza kutembea. Inatembea kwenda wapi, Bibi hakusema. Alitukodolea macho tu, mengine tukajimalizia wenyewe.

Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Newala kutulea mimi na mdogo wangu Shabani, maana mama alikuwa akiuza mitumba sokoni kutwa nzima. Shabani alikuwa na miaka mitatu. Kwa utani Bibi alimwita "mume wangu", na mimi nikawa "mke mwenza". Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya watu wengi, na uani ndiko nilikofugia kitoto cha paka cha kijivu, nilichokiokota nyuma ya choo nikakiita Jivu. Mama alikubali kwa shingo upande.

"Siku akileta balaa, namtia kwenye kiroba nakwenda kumtupa Kongowe," alisema. Mama hakuwa mtu wa utani.

Mchana mmoja, Bibi akichambua mchicha barazani, niliamua Jivu avalishwe fulana ya zamani ya Shabani. Nikamwambia Shabani amshike huku mimi nikipitisha miguu kwenye mikono ya fulana. Jivu hakutaka nguo. Alimparua Shabani nyuma ya kiganja, karibu na kidole gumba, mstari mmoja mwembamba wenye damu kidogo. Shabani akafungua mdomo alie, nikamziba kwa kashata niliyokuwa nimeibakiza tangu asubuhi. Nikafuta damu kwa pindo la gauni, nikapaka mate.

"Usimwambie mtu. Watamtupa Jivu."

Akaitikia kwa kichwa huku akitafuna. Kumuosha kulitaka kwenda bombani, na bombani kulikuwa na watu wa kuuliza maswali. Akalala hivyo hivyo. Mtoto wa miaka mitatu alitunza siri kuliko watu wazima wengi ninaowajua.

Baada ya siku chache pale kwenye mkwaruzo pakatoka kipele, nikajifanya sijakiona. Kama wiki mbili baadaye Shabani akapata homa, akawa hataki kubebwa. Bibi alipomvua shati alikuta uvimbe kwapani, mkubwa kama ndimu. Ulikuwa upande ule ule wa mkono ulioparuliwa. Mimi nilijua papo hapo. Kucha ilikuwa imetembea, nayo imefika. Nilikaa na habari hiyo siku mbili nzima.

Mpangaji mwenzetu, Mama Zuhura, alikuja kutazama na hakuhitaji muda.

"Hilo tambazi, bibi. Msithubutu kumpeleka hospitali. Tambazi likipigwa sindano, mtoto haioni kesho."

Tambazi ndilo jina ambalo uvimbe wa namna ile hupewa mtaani, na dawa yake inayosifiwa ni kuchanjwa kwa wembe na kupakwa unga wa mizizi. Bibi hakubisha. Zamani kule Newala mtoto wake wa kiume alivimba shingo, akachomwa sindano asubuhi, jioni wakamzika. Sijui mjomba yule alikuwa akiumwa nini. Bibi alijua alichokiona.

Mama akiwa sokoni, Bibi akamwita mzee mmoja mchanjaji, ambaye angefika baada ya alasiri. Mimi nikatumwa dukani kununua wembe.

"Mpya, mke mwenza. Ambao haujatoka kwenye karatasi yake."

Nilikwenda mbio, kama nilivyozoea kutumwa. Kurudi nilitembea. Nilipofika, Shabani alikuwa mapajani kwa Bibi, mkono wake ameuweka mbali na ubavu, akimchekea Jivu aliyekuwa akicheza na pindo la kanga. Nikashindwa kuutoa wembe kiganjani.

"Lete," Bibi alisema.

"Bibi, siyo tambazi. Ni kucha. Jivu alimparua."

"Lini?"

"Siku nyingi. Alilala nayo."

Bibi akauchukua mkono wa Shabani, akaugeuza, akaona ule mstari na kipele chake. Nilisubiri kofi.

"Ulitaka nimkate mume wangu bure?" aliniuliza. Ningeshukuru kama angenipiga.

Kwa Bibi, kucha na tambazi yalikuwa mambo mawili tofauti, na kucha haichanjwi. Hakumngoja mchanjaji. Alimfunga Shabani mgongoni, tukaenda zahanati. Daktari alikuwa kijana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu katembewa na kucha ya paka. Na sindano sitaki."

Hakucheka, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Alikitazama kipele, akapitisha kidole polepole juu ya mkono wa Shabani mpaka kwapani.

"Ni kweli imetembea, bibi," alisema. Akaeleza kwamba kwenye kucha za paka, hasa vitoto vyao, huwa kuna vijidudu vinavyoingia kwenye mkwaruzo na kupanda hadi kwenye tezi, na watoto wadogo ndio wanaocheza na paka kwa fujo. Wengi hupona taratibu, lakini kwa sababu ya homa angempa dawa. Tusiuminye uvimbe. Tusiuchanje, tungefungulia vijidudu vingine mlango.

"Dawa ya kunywa?" Bibi aliuliza.

"Ya kunywa."

Uvimbe ulichukua wiki kadhaa kuisha, na wiki zote hizo Bibi alimwambia kila aliyepita uani kwamba yeye alikataa sindano. Mama alipoleta kiroba, Bibi akamzuia.

"Paka kaparua, ndiyo kazi ya kucha. Wa kutiwa humo ni huyu aliyenyamaza."

Wote wakacheka, isipokuwa mimi.

Bibi ameshafariki. Mdomo wake ule ule ulitufundisha kuosha mkwaruzo na ulikaribia kumpeleka mdogo wangu kwenye wembe, na mara zote mbili alikuwa anampenda. Shabani siku hizi ni fundi wa mafriji. Katika habari yote hii anakumbuka kashata tu.

Mimi nafundisha shule Kinondoni, nina paka, na nina binti wa miaka minne. Habari za vijidudu nazijua, lakini kwake nimesema kama Bibi, kwamba kucha inatembea. Juzi alinijia analia, mkono ameuinua juu nione. Nikampeleka bombani, nikamuosha kwa sabuni na maji mengi, sikumuuliza alikuwa anamfanya nini paka. Akaanza kuniuliza kama paka atatupwa. Nikamjibu hapana kabla hajamaliza swali.