Tablet ya Mama ilivyogoma kuingia Wi-Fi ya nyumbani, lawama zikamwangukia wifi yangu

Wakuu, poleni na majukumu.

Naleta jambo la nyumbani kwetu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea. Mwenye haraka apite tu, ila mwenye mgonjwa nyumbani namwomba asome mpaka mwisho.

Mama yetu alikuwa mkulima wa Vihingo, huko Kisarawe. Sukari ilimsumbua miaka mingi, mwisho ikamla macho na figo.

Hospitali walipotuambia tumuuguzie nyumbani, kaka yangu Shabani akasema asirudi Vihingo, maana barabara ile mvua ikinyesha hata bodaboda wanaikataa. Akamchukua kwake Mbwawa, Kibaha.

Shabani ni dereva wa malori ya Kongo. Kwa hiyo aliyemuuguza Mama hasa ni mke wake, Rehema. Kumwogesha, kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko, vyote ni yeye. Mimi nakaa Kisarawe mjini. Nilikuwa nakwenda na kurudi, hali ilipozidi nikahamia kabisa.

Mdogo wetu wa mwisho, Zuhura, yuko Muscat, anafanya kazi za ndani. Ruhusa ya kuja aliomba, hakupewa.

Alikuwa anapiga simu kila akipata nafasi. Sauti yake Mama aliisikia vizuri. Alichokuwa anakililia ni sura. Kwenye kioo cha simu alikuwa haoni mtu, anaona mwanga tu.

Zuhura akatuma tablet kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Kioo kikubwa, ukikisogeza karibu na jicho la kulia Mama anatambua. Tulimjaribu kwa picha za wajukuu, akawataja kwa majina. Siku ile tulicheka nyumba nzima.

Basi ikabaki kuiunganisha.

Pale kwa Shabani mtandao wa simu ni wa kubahatisha, nyumba ipo bondeni. Ndiyo maana alifunga Wi-Fi yenye antena juu ya paa. Rehema akanitajia password herufi kwa herufi. Nikaiandika. Tablet ikafikiria kidogo, ikakataa.

Nikaandika upya nikiangalia herufi kubwa na ndogo. Ikakataa. Rehema akaandika mwenyewe. Ikakataa. Tukazima router tukawasha. Nikajaribu na simu yangu, nayo ikakataa.

Simu ya Rehema tu ndiyo ilikuwa inapeta, haina neno.

Hotspot tulijaribu pia. Sura ya Zuhura ilikuja vipande vipande, ikaganda, ikakatika.

Nikaipeleka tablet kwa fundi Maili Moja. Pale dukani kwake ilishika mara moja. Fundi akaniambia tablet haina ubaya wowote, labda password tuliyopewa siyo.

Wakuu, neno lile ndilo lililobomoa nyumba.

Nilimwomba Zuhura atume video, nikaipakua pale pale kwa fundi. Nilipofika nikamwekea Mama. Akamwona mwanawe, akaanza kumsalimia, anamuuliza kama anakula vizuri. Zuhura wa kwenye video akawa anaendelea na maneno yake bila kumjibu. Mama akaita mara mbili. Kisha akasema tuzime.

Nikapendekeza tubonyeze kile kitobo cha reset kwenye router. Rehema akakataa. Alisema Shabani alimkataza kabisa, ikifutika nyumba itakosa mtandao mpaka arudi, na kwenye simu ndimo anamoulizia dawa za Mama. Shabani mwenyewe tulimpigia, hapatikani. Alikuwa ameshavuka mpaka.

Haya yote nilimweleza Zuhura kama yalivyo, pamoja na neno la fundi. Yeye akayaunganisha kwa namna yake.

Akatuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya Rehema. Rehema akaufungua palepale chumbani kwa Mama huku mikono yake ina povu la sabuni, akidhani ni salamu za mgonjwa.

Zuhura alikuwa analia. Alisema: "Simu yako inakamata, tablet ya mama inakataa. Dukani inakamata, kwako inakataa. Unaninyima mama yangu, Rehema. Mungu anakuona."

Rehema aliosha mikono, akaja kumalizia kumfuta Mama mgongo.

Mama naye alikuwa amesikia. Akasema taratibu, "Rehema mwanangu, nilikukosea nini?"

Rehema akaapa kwamba password ni ile ile. Mama hakumuuliza tena, hakumgombeza. Akawa anakunywa uji kama kawaida, ila ile tabia yake ya kumwombea dua Rehema kila akimaliza kulishwa, akaiacha.

Na mimi? Nilikaa katikati. Kumtetea sikuwa na ushahidi, kumshutumu roho ilikataa.

Mama alifariki wiki ile ile, baada ya alasiri. Tulimzika Vihingo, pembeni ya kaburi la baba. Shabani hakuwahi maziko, alifika matanga yanakaribia kuisha.

Tuliporudi Mbwawa akaiona tablet juu ya kabati, akauliza ya nani. Nikamsimulia. Akakaa chini.

Kumbe kabla ya kusafiri aliona majirani wanakula bando lake, password imeshavuja mtaani. Badala ya kuibadilisha, aliweka kwenye router kwamba kifaa ambacho hajakisajili mwenyewe kisiingie, hata kama kina password sahihi. Mkewe hakumwambia. Hakuona kama kuna haja.

Akaingia kwenye settings kwa simu yake, akagusa gusa, tablet ikashika. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

Meseji za Zuhura kwa Mama zikaanza kumiminika, pamoja na taarifa za simu zote za video alizopiga bila kupokelewa. Shabani akaizima.

Zuhura alipoambiwa ukweli alimpigia Rehema, akaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Rehema alimwambia yamekwisha. Baadaye nikamkuta uani anaanua nguo, nikamwambia nashukuru kwa moyo wake, maana sasa kila mtu anajua hakuwa na kosa.

Akasema, "Wewe unajua, dada. Zuhura anajua. Mama hajui."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kama wewe ndiye mwenye router, waachie watu wa nyumbani uwezo wa kuingiza kifaa kipya, na uwaambie umefunga nini. Na mtandao ukikataa, semeni tu kwamba umekataa. Msitafute mtu wa kumvisha lawama.

Najua wataalamu mtasema tungefanya hivi au vile. Semeni, mwingine atapona kwa hayo.

Ila kwa aliyewahi kusingiziwa mbele ya mgonjwa, akafariki kabla ya kuujua ukweli, ninaomba aniambie alitulizwa na nini. Mimi kwa Rehema bado sijapata neno.