Ua la Jumapili, Jani la Jumatatu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kitalu cha miche pale Bukoba, Bwana Misitu wa Wilaya alinisimamisha mbele ya mti wenye maua ya njano akaniuliza jina lake.

"Mshambya, mzee." Nimezaliwa Nshambya, mtaa wenye jina la mti huo, ningeshindwaje?

"Umetazama nini?"

"Maua."

"Basi umebahatisha. Ua ni nguo ya Jumapili, kijana. Jumapili nani hapendezi? Tazama jani. Jani ni Jumatatu."

Akanifundisha utaratibu. Kwanza, majani yanakabiliana au yanapishana kwenye tawi? Pili, jani ni zima, au ni vijani vingi kwenye kikonyo kimoja? Tatu, livunje utazame utomvu, yaani maji yanayotoka. Ua huja mwisho. Nilihamishiwa Muleba na utaratibu huo, chini ya Afisa Maliasili asiyevumilia neno labda. "Labda ni mti gani huo?" alikuwa akiuliza. "Unaota wapi?"

Sasa nimestaafu, naishi Kitendaguro, namshukuru Mungu. Maandiko yanasema Adamu aliwapa wanyama majina. Ya miti naona alituachia sisi.

Mvua zilizopita alinipigia binti wa dada yangu, mwalimu wa chekechea ya usharika huko Nshamba. Alikuwa ametuma picha ya mti wa bustani ya shule, umechanua njano tupu. Aliupanda marehemu baba yake, mwinjilisti, na watu wakauita mshambya wa Kizungu. Watoto walichezea kokwa zake, na asubuhi hiyo mmoja alikutwa na moja mdomoni.

"Mjomba, waitu, tafadhali, niambie ni mshambya, moyo utulie."

"Umenipigia picha ya maua. Nenda uvunje jani."

Alikwenda, simu mkononi. "Linatoka maziwa."

"Ni zima?"

"Zima, jembamba kama kisu. Yanapishana."

"Mwanangu, mshambya una vijani vingi, tena hauna maziwa. Huo wataalamu wanauita Thevetia. Kokwa yake ina sumu, husimamisha moyo. Mtoto aliitafuna?"

"Hapana, mwenzake alimnyang'anya. Yuko hapa anapiga kelele."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Lakini huu ni mti wa Baba."

"Najua. Shemeji aliupanda kwa ajili ya watoto. Nawe ukate kwa ajili ya watoto."

Maisha yangu yote nililipwa kwa kupanda, lakini nilikwenda Nshamba kusimamia ukatwaji huo. Nikawakataza wakataji kuuchoma kuni, maana hata moshi wake una sumu, tukaokota kokwa zote na kuzifukia mbali. Mwalimu alilia kidogo, kisha akashika jembe. Kwenye nafasi ile tukapanda mche wa mshambya niliokuja nao.

Mtoto mmoja, yule yule wa kokwa, aliuzunguka mara mbili akanuna. "Babu, huu hauna maua!"

"Leo ni Jumatatu," nikamwambia.