Sabuni Iliyobaki Dirishani

Kwa miaka ishirini na miwili kanuni yake ilikuwa moja: kidonda hakifungwi kabla ya kuoshwa. Katika kiwanda cha kupasua mbao alikokuwa msimamizi, kipande cha sabuni kilikaa dirishani, na hata aliyechomwa na kibanzi alipelekwa bombani kama mtoto. Wenzake wakamwita Sabuni.

Siku gogo lilipoteleza likamchana muundi wa kulia hadi mfupa ukaonekana, lori lilikuwa linanguruma, likingoja nusu ya mzigo iliyobaki. Sabuni akachota unga wa mbao uliolala na unyevu chini ya msumeno, akaushindilia kidondani kuzuia damu, akafunga kitambaa.

"Fundi, leo bomba limekauka?" mpakizi alimtania.

"Pakia mbao, wewe! Nitaosha jioni."

Jioni aliosha juu juu tu. Kesho yake zahanati ikampa vidonge.

Siku ya sita hakukalika wala hakulalika. Alizunguka uani akichechemea, akapima mbao ambazo hakuna aliyeziagiza, akazipima tena. Mkewe akamziba njia.

"Baba Pacha, kaa niuone huo mguu."

"Unauma tu. Kidonda kisichouma ni kidonda gani?"

"Kuuma nakuachia wewe. Harufu tunagawana."

Akafungua kitambaa mwenyewe. Kingo zilikuwa nyeusi, na juu ya nyama paliota manyoya meupe, kama ya mkate uliosahaulika kabatini.

Hospitalini, daktari alipeleka kipande cha nyama maabara, akarudi na jibu.

"Ni ukungu, mzee wangu. Huingia na uchafu kwenye jeraha kubwa. Ni nadra, lakini ukishashika nyama hausubiri. Vile vidonge ni vya bakteria, huu haviugusi."

"Mguu utabaki?"

"Nikiuwahi."

Akamkata nyama iliyokufa, akamtundikia dawa ya mshipani. Baada ya siku mbili akakata tena. Kila asubuhi Sabuni alijiinua kitandani kabla daktari hajafika karibu.

"Ukungu umesimama?"

"Bado unapanda."

Kiwandani walisema mganga hajigangi. Mimi ninayesimulia, udhuru huo siukubali. Gogo lilikuwa ajali. Unga wa mbao haukuwa ajali. Bomba lilikuwa hatua kumi kutoka pale alipoinama, na lori lingengoja.

Mara ya tatu walimkata mguu wa kulia, juu ya goti.