Habari Njema Aliyoisahau Mama Kavira

Siku yangu ya kwanza ndani ya bloku, yaani chumba cha upasuaji, sikugusa dawa yoyote. Shefu wa anestezi, mkubwa wetu katika kazi ya kulaza wagonjwa usingizi kwa dawa, aliniketisha kando ya mzee aliyekuwa anaamka baada ya kupasuliwa ngiri. Mzee akaniuliza kama operesheni imekwisha. Nikamjibu imekwisha. Akauliza tena, na tena, mpaka nikamjibu kwa ukali. Shefu alinisikia toka mlangoni.

"Unakasirikia nani? Yeye, kwake ni mara ya kwanza kuuliza. Na weye umujibie kama ni mara ya kwanza."

Ninyi vijana mna mashine za kuonyesha pumzi na moyo. Sisi tulikuwa na kidole juu ya mshipa, na macho. Tulianza na diazepamu, dawa ya kutuliza hofu, kisha ketamini ya kulaza. Ketamini huleta ndoto za ajabu. Diazepamu nayo ina tabia yake: unalomwambia mgonjwa baada ya sindano hiyo mara nyingi halishiki kichwani. Atakuitikia, atacheka nawe, na akiamka hakuna kitu. Ndiyo maana shefu alikuwa na sheria moja: sindano ikishaingia, habari zote zingoje nje.

Nilianzia Rutshuru. Vita vikanisukuma Goma, nikamkuta shefu yule yule amenitangulia, nikamshukuru Mungu. Wakimbizi walilala hadi barazani mwa hospitali. Mmoja wao alikuwa Mama Kavira, muuza maharage wa mji wa Kiwanja, mwenye risasi pajani. Binti yake mdogo, Kavira, alimpotea njiani, huko Kalengera, watu walipokimbia ovyo. Mama alikataa katakata kulazwa usingizi.

"Nikilala, nani atamutafuta mutoto wangu?"

"Na mguu ukioza, mama, utamutafuta na nini?" shefu alimwuliza taratibu. Akakubali huku analia.

Ndiyo kwanza nimechoma diazepamu, jirani yake akaingia bloku kama mbuzi aliyekata kamba. "Mama Kavira! Mutoto iko muzima! Iko Munigi, kwa bamaseri! Naenda kumuleta!" Mama akapiga kigelegele. Shefu akamtoa jirani, akanigeukia. "Habari muzuri, lakini imeingia mu kitunga ya kutoboka. Weye ndiye utaishika."

Risasi ilitoka salama. Mama alipoamka alitaka kushuka kitandani, na mshono ulikuwa bado mbichi. "Kavira iko wapi?" Nikamwambia: ni mzima, yuko Munigi kwa masista, jirani yako amekwenda kumleta. Akanishika mkono, machozi ya furaha yakamtoka. Akasinzia. Akaamka. "Kavira iko wapi?" Nikaanza upya, na uso wake ukafunguka vilevile. Wenzangu walinitania kuwa nimegeuka redio. Nilikuwa na njaa, lakini sikutaka kumwachia mtu mwingine kazi ile.

Dawa ilipopungua mwilini, akaanza kuniangalia kwa mashaka.

"Jirani gani, papa? Miye sikumuona hapa."

"Alikuja, mama. Ulipiga hata kigelegele."

"Unanidanganya nitulie. Mutoto wangu amekufa." Akageukia ukutani. Hilo liliniuma sana, kwa maana nilijua ukweli na sikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Kabla jua halijatua, jirani akatokea mlangoni, Kavira mgongoni, miguu imejaa vumbi jeusi la Munigi. Sitaeleza kilio kile. Kila mzazi anakijua.

Sasa nimestaafu. Mama Kavira hunitembelea, na binti ana watoto wake. Akiwasimulia wajukuu siku ile, huanzia pale mlangoni, Kavira anapoingia. Ya kabla ya hapo hayajui. Nikimweleza alivyofurahi kila nilipomjibu, hucheka na kusema mzee anatia chumvi.

Namshukuru shefu wangu, marehemu sasa, aliyenifundisha kujibu. Furaha zile zote zilikuwa za Mama Kavira, na yeye hana hata moja. Ninazo mimi.