Siku Gitaa Liliponyamaza

Gitaa langu lilikuwa linaunguruma. Si likipigwa; likipigwa lilikuwa tamu, nasema bila haya. Liliunguruma likiachwa, mmmmm, kama friji bovu. Na katika kanisa letu pale Katumba, wimbo ukiisha watu huinamisha vichwa na kila mmoja huomba kimoyomoyo. Basi kimya kinaingia, watu wanaongea na Mungu wao, na gitaa langu nalo linaongea.

Mama yangu alisimama mstari wa mbele wa kwaya, sauti ya kwanza, na mimi nyuma yake. Ndivyo tulivyosimama tangu ujana wangu. Baba alipofariki, pale ndipo palipobaki mahali pekee ambapo mimi na mama tulikaa saa nzima bila kugombana, maana mimi nina hasira na yeye ana ulimi. Nilipohamia Nsemulwa kutafuta maisha, nilikuwa narudi kila Jumamosi kwa bodaboda, nakula vumbi njia nzima, kwa ajili ya kusimama pale tu, nyuma ya kilemba chake.

Mwalimu wa kwaya, mtu mwenye noti tatu na dharau mia, akanisimamisha mazoezini mbele ya wote. "Ndugu yetu, hilo gitaa lako halijala? Mbona tumbo linaunguruma?" Wakacheka. Mama naye alicheka, niliyaona mabega yake yakitikisika. Kisha mwalimu akaacha utani. "Jumapili likiunguruma tena, usije nalo. Na wewe mwenyewe usije."

Nikaanza kuisaka ile kelele kama mtu anayesaka kunguni. Nilichomoa pedali zote, vile visanduku vya kubadilisha sauti vinavyokanyagwa kwa mguu, nikaunganisha gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya. Mlio ukapungua, haukuisha. Nikarudisha pedali moja moja, nikisikiliza kila nikirudisha. Kumbe zote zilikuwa zinanyonya umeme kwenye adapta moja ya bei chee, zinaambukizana uchafu, na ile ya kukwaruza sauti ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Nikaiachisha adapta, nikaitilia betri yake. Nikatupa waya mmoja uliokatika kwa ndani. Nikahama kutoka chini ya taa za tyubu. Nikafungua tumbo la gitaa, nikalibandika kwa ndani zile karatasi za kung'aa za paketi za sigara, zizuie takataka za umeme zilizo hewani. Hapo ndipo wanakwaya waliponiona. "Ala! Gitaa la Bwana linavutishwa sigara!" Watu hao hao mashamba yao ni tumbaku, mabati yao ni ya tumbaku, lakini karatasi ya sigara ndiyo dhambi. Nyie watu, nyie!

Ule mlio uliobaki ulikuwa na tabia moja: nikishika nyuzi unafifia, nikiachia unarudi. Fundi umeme mmoja wa Nsemulwa nilipomsimulia hakuinua hata kichwa. "Kanisa lenu halina ethi," akasema, yaani waya wa kushusha umeme mchangani. Akanielekeza: shimo refu, fimbo ya shaba, mkaa na chumvi kuizunguka, halafu maji mengi, kwa sababu kiangazi udongo wetu unakauka kama tofali na umeme haupiti.

Fimbo nilinunua Mpanda mjini. Mkaa na chumvi alinipa mama. Nilimweleza yote jikoni kwake, habari za umeme na udongo, akasikiliza huku anasonga ugali. Akanichotea mkaa kwenye gunia lake. Chumvi akanifungia kwenye kipande cha kitenge chake kuukuu, cha maua ya njano. "Zika vizuri," akasema. "Nimechoka kuimba na mashine ya kusaga."

Jumamosi mchana, kina mama wakifagia kanisa, nilikuwa nyuma ya ukuta nachimba. Jua linachoma, mikono imetoka malengelenge. Nikashindilia fimbo, nikaifunga waya uliotoka kwenye umeme wa kanisa, nikamwaga mkaa, nikaitupia chumvi pamoja na kitambaa chake, nikamimina maji, nikaanza kufukia. Akatokea mama mmoja shemasi, mwenye macho ya kuchungulia sufuria za watu. "Unafukia nini hapo?" Nilikuwa nimeshachoka nao wote, na utani wao na vicheko vyao. Nikamjibu, "Nazika midomo yenu!"

Akaondoka. Mmbea akiondoka kimya, ujue amebeba mzigo.

Jumapili gitaa likanyamaza. Jamani! Wimbo uliisha, vichwa vikainama, na pakawa kimya cha kweli. Nilisikia kuku akiparua nje, nikasikia mtu akimeza mate. Mama aligeuka kidogo akanitazama, akatabasamu. Nilikaribia kulia, mimi huyu.

Wimbo wa pili, mwimbishaji wetu, yule anayeanzisha nyimbo, akafungua mdomo na sauti haikutoka. Alikuwa na mafua wiki nzima. Kwa vumbi lile nani hakuwa nayo? Akajaribu tena, ikatoka hewa tupu. Yule mama shemasi akasimama kwenye benchi lake. "Amezika midomo! Alisema mwenyewe, amezika midomo yetu nyuma ya kanisa! Uchawi huo!"

Neno hilo huku kwetu halihitaji kurudiwa. Walinitoa nje wamenikamata mikono, watu ambao nimepiga gitaa kwenye harusi zao. Nikapayuka habari za ethi mpaka sauti ikanikauka. Hakuna aliyesikiliza. Nikawaambia, muulizeni mama, mama anajua kila kitu. Wakamgeukia.

Mama alizitazama zile nyuso moja moja. Ni mjane, anaishi peke yake, na akishaitwa mama wa mchawi hata moto wa kuwashia jiko hatapewa na jirani. Nililijua hilo. Hata hivyo nilingoja aseme.

"Nipeni jembe," akasema. "Nilimzaa mimi, nitafukua mimi."

Akachimba. Ukatoka mkaa, watu wakaguna. Ikatoka fimbo, mwalimu akaanza kukemea pepo. Kikatoka kile kitambaa cha maua ya njano, kimelowa matope, nikamwona akikifumbata haraka na kukisukumia kifuani kabla mtu hajakitambua. Hakunitazama. "Sijui alikuwa anatafuta nini hapa," akawaambia. "Mimi kazi yangu kuimba."

Nikafukuzwa kwenye kwaya siku ile ile. Sasa anayepiga ni mpwa wa mwalimu, na gitaa lake linaunguruma vilevile. Wanasema ni mapepo yangu, eti hayajaisha. Mama bado yuko mstari wa mbele.

Juzi alikuja kunitembelea Nsemulwa, ameniletea mchele na kuku mzima. Hakusema lolote la kanisani, nami sikumuuliza. Nilipika mwenyewe, ugali na maharage, sikutia hata punje ya chumvi. Nikamnawisha mikono kwa heshima zote anazostahili mzazi, nikamkaribisha. Alionja tonge la kwanza, akanitazama. Kisha akala mpaka akamaliza sahani, na chumvi hakuomba.