Kimea Ndani ya Donge

Miaka ile ya hamsini, pale Nyamwaga, nilikuwa mke mpya mwenye elimu ya sekondari na hamu moja tu: kukaa nyumbani kwangu nimefunga mlango. Mlango nilikuwa nao. Jiko sikuwa nalo. Mke mpya alipika kwa mama mkwe mpaka aambiwe achukue moto wake, na mimi nilikuwa mwezi wa saba napikia kwenye mafiga ya watu.

Siku moja mama mkwe akatangaza risaga: wanawake wa jirani wangekuja kutupalilia mahindi, nasi tungewapa togwa.

"Utapika wewe, msomi wetu," akaniambia. "Ikiteremka kooni vizuri, utapata jiko. Ikikwama, tutaendelea kubanana hapa hapa."

Togwa ni uji mzito uliopozwa kiasi, ukatiwa kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Kimea kikifanya kazi, uji unalainika, unakuwa mtamu, unanyweka. Mama mkwe alikuwa na namna yake ya kukihifadhi. Alikanda madonge ya unga wa ulezi, akayaacha yaumuke yawe na vitundu vitundu, kisha akayapaka kimea kwa nje na kuyaanika. Tatizo kuku. Walikipenda kimea kuliko sisi, kwa hiyo ilibidi mtu akae juani na fimbo kutwa nzima. Mtu huyo nikawa mimi.

Nikatumia elimu. Nusu ya madonge mama mkwe alikuwa ameshayapaka, yamekauka na kuwekwa ndani; nusu iliyobaki nikayatia kimea katikati, nikaziba kwa unga, nikayaacha uani, nikaingia zangu ndani kulala. Kuku walidonoa mara mbili tatu, wakasusa.

Yalipokauka, wifi yangu akavunja moja, akacheka mpaka akakaa chini.

"Wifi! Umekifukia kama mtoto anayeficha nyama ndani ya ugali!"

Akanipa somo kwa bakuli mbili za uji vuguvugu. Donge la mama yake lilianza kulainisha uji tukiwa bado tunaongea. Langu likakaa kama jiwe la mtoni. Kimea kilikuwamo, tena kingi, lakini uji mzito ulipaswa kupenya vitundu vyote vile ndipo ukifikie, na uji ule haukuwa na haraka.

"Usithubutu kuyatumia haya," akasema.

Siku ya risaga mama mkwe alikuwa shambani na wenzake. Nikapika chungu kizima, nikasubiri, nikagusa juu kwa kidole. Pamepoa! Nikatumbukiza madonge yote ya mama mkwe kwa mbwembwe. Wifi akaja, akachota chini kwa upawa, akaonja, akaruka.

"Huu moto! Wewe umegusa utando!"

Kweli. Juu palikuwa pamepoa, chini uji unababua. Kimea kilichopakwa nje kikaungua kabla hakijaanza kazi. Tulisubiri, tukakoroga, tukasubiri tena. Uji ukabaki wa moto, wa kukandikia ukuta, na wanawake walikuwa karibu kurudi. Nikaona jiko langu linakwenda.

"Lete yale ya kwako tuyavunje," wifi akasema. "Hakuna mengine."

"Tusiyavunje! Tukiyavunja, kimea kitaungua kama kile. Yaache mazima. Uji utakapofika katikati, utakuwa umeshapoa."

Akanitazama kwa mashaka. "Hayo ulifundishwa shuleni?"

"Nimefundishwa na kidole changu, sasa hivi."

Tukayatumbukiza. Wanawake wakarudi na majembe yao, chungu bado kimenuna. Nikawasalimu mmoja mmoja, shikamoo hizi na zile, nikauliza habari za ng'ombe, za ndama, za ndizi, za mkwe wa jirani aliyeko ng'ambo ya mpaka. Mama mmoja akasema hajawahi kuona mtoto mwenye adabu ndefu namna hii. Nilipofikia majina ya mbuzi, wifi akanifinya. Upawa ulikuwa unateleza!

Wakanywa. Wakaomba tena. Mama mkwe akamaliza kata yake polepole, akajifuta midomo.

"Imechelewa," akasema. "Kama mpishi wake anavyoamka."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka.

"Lakini imefika. Chota moto, nenda kwako."

Nikachota makaa kwenye kigae, nikakimbia, mimi nisiyekimbilia hata mvua. Nyuma yangu wifi alikuwa anapiga kelele kwamba sijachukua hata chungu.