Mafuta Yaliyouzunguka Moyo Wangu

Mmeniomba niseme, kina mama, basi nasema. Naitwa Mwanaisha, kwetu Pemba, nakaa Kilburn.

Nilikuja London mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwembamba. Nikapata kazi ya kuhudumia wazee, nikanenepa, na kila aliyeniona akafurahi. "Umenawiri, bibi, umetunzwa." Nikavimba kichwa. Kwetu mke akikonda, anayelaumiwa ni mume.

Miaka ikapita, ngazi zikaanza kunishinda. Ghorofa ya pili tu, nafika mlangoni nahema, jasho linatiririka chini ya matiti. Miguu ikavimba. Kulala chali siwezi, nikawa nalala nimeegemea mito. Siku moja nikiwa kazini kifua kilinibana, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Wakanikimbiza hospitali.

Wakanipiga picha ya moyo. Daktari alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa. Akaniambia kwa Kiswahili, "Mama, moyo wako umezungukwa na mafuta. Kila mtu anayo, ila yako yamezidi, na mshipa mmoja umeanza kuziba. Usipopungua, utatuacha."

Niliogopa, siwafichi. Nikaanza vidonge, nikaacha mikate ya samli, wali nikaupunguza, nikawa nashuka basi mbali na nyumbani, natembea. Nikapungua. Pumzi ikarudi, balaa likaanza.

Miaka ile mtu akikonda, watu walikwisha kujua ni maradhi gani. Kwenye maulidi wakanong'ona, wengine wakaacha kula sinia moja na mie. Wifi yangu, Salma, akaniletea sinia la biriani. "Kula, wifi. Watu wanasema kaka yangu kakuambukiza ukimwi." Nililia. Nusura nile ili mwili urudi, na heshima ya mume wangu irudi.

Mume wangu akaliondoa lile sinia. "Waache waseme. Kwa kusemwa sitokufa. Wewe ukila hivi, utakufa."

Sikula. Picha ya pili daktari aliitazama akacheka: mafuta yamepungua. Namshukuru Mungu, namshukuru na huyu mume.

Basi vifua vikiwabana, nendeni mkapimwe, msingoje. Na mkimwona mwenzenu kakonda, muulizeni hali yake, msimseme. Kuna mwenzetu tuliyemzika mwaka jana, nyote mlikuwepo. Aliambiwa na daktari yale yale niliyoambiwa mie. Nikamsihi apungue. Akanijibu, "Siwezi, shoga. Naogopa wasije wakanifanyia yale waliyokufanyia wewe."